Wasichana 95 wa Kashasha: kulisoma upya jalada la 1962

Jumanne tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, maili 25 hivi kutoka Bukoba mjini, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Walicheka, wakalia, wakatulia kidogo, wakaanza tena. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa na hali hiyo.

Ukikikuta kisa hiki mtandaoni kimeshageuzwa kichekesho. Eti kuna mtu alitoa utani, darasa likaangua kicheko, kicheko kikazunguka Tanganyika mwaka mmoja na nusu na watu hawapumziki. Wapo walioandika hata kwamba Kashasha iko karibu na mpaka wa Kenya, na kosa hilo limenakiliwa mara nyingi mno. Yeyote aliyewahi kupanda meli ya Mwanza kwenda Bukoba anajua Kenya iko ng'ambo ya ziwa. Kama hata ramani wameikosea hivyo, una haki ya kuwahoji na kwa mengine.

Jalada lenyewe ni fupi. Ni ripoti ya kurasa nne iliyotoka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati, imeandikwa na A. M. Rankin wa Makerere na P. J. Philip, daktari wa serikali pale Bukoba. Karibu kila anayesimulia kisa hiki anachota humo, ila wengi huishia kwenye kichwa cha habari. Mimi nimekaa nayo muda, nikiwa na swali moja: leo, kwa yale tunayoyajua kuhusu ubongo ambayo hao wawili hawakuwa nayo, jalada hili linasema nini?

Walichokiona madaktari

Kila mgonjwa alikuwa amekutana siku chache nyuma na mtu mwingine mwenye hali hiyo. Mwanzo ulikuwa wa ghafla. Kicheko na kilio vilikuja pamoja, dakika chache au saa kadhaa, kisha utulivu, kisha tena. Wengine hawakutulia mahali pamoja, na walipojaribu kushikwa walipambana. Kuugua kulichukua kuanzia saa chache hadi siku 16. Hakuna aliyezimia, hakuna aliyepata degedege, hakuna aliyekufa. Kwa hiyo hadithi ya watu waliocheka miezi 18 mfululizo ifutwe. Aliyeugua muda mrefu hivyo ni wilaya. Mtu mmoja mmoja alipatwa, akapumzika, akapona.

Wagonjwa wengine walisema kuna vitu vinatembea kichwani mwao. Wengine walisema wanaogopa, kana kwamba kuna mtu anawakimbiza.

Halafu inakuja sehemu ambayo wasimulizi huiruka, nayo ndiyo iliyonishika. Madaktari walimulika macho. Mboni za wagonjwa zilikuwa zimepanuka kuliko za watu wasio wagonjwa waliolinganishwa nao, ila zilisinyaa zikimulikwa. Wakigonga mishipa ya miguu kwa kinyundo, miguu iliruka kupita kawaida.

Aliyewahi kutiwa matone ya macho hospitalini kabla ya kupimwa anaujua mshangao wa baadaye: mboni imebaki wazi, mwanga unaingia wote, tochi ikimulikwa haisogei. Sumu za mimea za jamii hiyo hufanya hivyohivyo. Mboni za Kashasha zilisinyaa, maana yake njia ya mwanga ilikuwa nzima. Sasa chukua mboni pana zinazosinyaa, miguu inayoruka kwa kuguswa kidogo, na mtu asiyetulia. Hiyo ni picha ya mwili uliotishika. Mtu aliyeona nyoka njiani usiku yuko hivyo, na hakuna msichana wa miaka 14 anayeweza kuamua kupanua mboni zake ili amhadae daktari.

Ndiyo maana neno "kicheko" limekuwa likitupoteza miaka yote hii. Kwa Kihaya, kama madaktari walivyolinukuu, watu waliuita enwara yokusheka, maradhi ya kucheka, na jina likaganda. Lakini njia za ubongo zinazoendesha kicheko na kilio hupita karibukaribu hadi kwenye shina la ubongo, pale pumzi, koo na misuli ya uso vinapoamriwa. Wagonjwa wa kiharusi huonyesha jambo hili vizuri sana: kuna ambao njia ya kudhibiti imeumia, na wao huangua kicheko au kilio bila kufurahi wala kuhuzunika, na mara nyingine kimoja hugeuka kingine katikati ya pumzi. Sauti inayotoka kooni si ushahidi wa kilichomo moyoni. Sisi wenyewe tunajua kicheko cha msibani na kicheko cha aliyefumaniwa.

Kuna jaribio la Robert Provine, mwanasayansi wa Marekani aliyekichunguza kicheko kwa miaka. Alileta darasani kikasha kinachocheka ukibonyeza kitufe. Mara ya kwanza karibu nusu ya wanafunzi walicheka. Kufikia mara ya kumi wengi waliona ni kero tupu. Kicheko cha kawaida huambukiza kweli, lakini hufa upesi. Hakiwezi kubeba kisa cha miezi.

Hesabu ambayo ripoti haikuifanya

Shule ilipofungwa Machi, wasichana walirudishwa kwao. Ndani ya siku kumi hali ilijitokeza Nshamba, kijiji ambacho baadhi yao walitoka. Huko, katika siku 34 za Aprili na Mei, watu 217 walipatwa kati ya wakazi 10,000 hivi, wengi wao wanafunzi na vijana wa jinsia zote mbili. Tarehe 21 Mei Kashasha ikafunguliwa. Juni haijaisha, wanafunzi 57 walikuwa wamepatwa, ikafungwa tena. Mwezi huohuo wa Juni wasichana 48 kati ya 154 walipatwa katika shule ya kati ya Ramashenye, pembezoni mwa mji wa Bukoba. Msichana mmoja wa huko aliporudi kwao Kanyangereka, ndugu zake wakaanza.

Ukigawanya tu tarakimu hizo unaona jambo. Kashasha walipatwa asilimia 60. Ramashenye, asilimia 31. Nshamba, asilimia mbili. Kirusi au sumu ya kisima isingejali sana kama umelala bwenini au kwenu kwenye migomba. Hali hii ilijali. Palipokuwa na geti, kengele na vitanda vilivyopangwa safu, iliwaka. Ilipofika kijijini, penye wazee, mashamba na kazi za kila siku, ilipita kwa jamaa na marafiki ikapungua nguvu. Na walimu watano wa Kashasha, Waafrika wawili na Wazungu watatu, hawakupatwa hata mmoja, ingawa walikuwa eneo lilelile.

Madaktari walitoa maji ya uti wa mgongo kwa baadhi ya wagonjwa, wakapima damu, wakatazama chakula. Hawakupata kitu. Watu wa vijijini nao walikuwa na maelezo yao, na mojawapo ni kwamba hewa imetiwa sumu na milipuko ya mabomu ya atomiki. Msomaji wa leo atatabasamu. Lakini Oktoba 1961, miezi mitatu tu nyuma, Wasovieti walikuwa wamelipua bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa duniani. Mwanakijiji aliyesikia habari hiyo redioni akaiunganisha na watoto wanaolia bila sababu alikuwa anafikiri, na kwa taarifa alizokuwa nazo hakufikiri vibaya.

Mwisho wa yote, kwa kuwa hawakupata kitu, Rankin na Philip waliandika histeria ya halaiki, yaani dalili za kweli zinazosambaa katika kundi bila kirusi wala sumu.

Hapo nina ugomvi nao kidogo. Waliandika pia kwamba hali hii haikuwapata watu waliosoma na kustaarabika. Ukiisoma sentensi hiyo polepole unashangaa. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wasichana wa shule, Tanganyika ya 1962, wakati msichana aliyevuka darasa la nne alikuwa wa kuhesabika! Katika familia nyingi za kule, hao ndio walikuwa wasomi. Madaktari waliwatazama wasomi wakaona watoto wa kijijini, na upofu huo umewafuata wengi walioandika baada yao.

"Msongo wa uhuru"

Maelezo yanayopendwa sana ni haya: nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, matarajio yakapanda, wasichana wakaelemewa. Siku 52 baadaye wakaanza kucheka. Tena siku nane kabla ya kisa, Nyerere alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Kawawa. Yanapendeza kusimuliwa. Christian Hempelmann, aliyekichambua kisa hiki 2007 na kukataa kabisa kukiita suala la ucheshi, naye aliuweka msongo katikati. Daktari wa watoto G. J. Ebrahim, akiandika 1968 kuhusu milipuko mitatu ya aina hii Afrika Mashariki, alikuwa makini zaidi: alitazama mtoto aliyelelewa na mila za nyumbani akaingizwa shule inayompa mawazo yanayogongana nazo.

Nakubali msongo ulikuwepo. Ninachokataa ni kuuachia ueleze kila kitu. Uhuru uliifika kila shule ya bweni kuanzia Lindi hadi Musoma; mbona Kashasha? Na msongo unatokaje kwenye fikra ukaingia kwenye koo, mboni na magoti?

Kidogo kuhusu swali la kwanza, la mbona Kashasha. Mwaka 1987 Simon Wessely, daktari wa akili wa Uingereza, aliitenga milipuko ya aina hii mafungu mawili. La kwanza ni la wasiwasi: harufu ya ajabu, mmoja anazimia kwenye gwaride, ishirini wanamfuata, jioni kumeisha. La pili ni la mwendo: mitetemo, vicheko, kupooza, linalojijenga polepole mahali palipofungwa penye shinikizo la muda mrefu, na hukaa wiki au miezi. Kashasha ni la pili, waziwazi. Kwa hiyo cha kutafutwa ni maisha ya kila siku ndani ya geti lile, si tukio kubwa la kitaifa. Na kuhusu maisha hayo ripoti ina maneno machache sana.

Ubongo unaotabiri

Swali la pili, la namna msongo unavyoingia mwilini, ndilo sayansi ya miaka ya karibuni imelisogeza. Kilichoitwa zamani histeria, kwa mtu mmoja mmoja, sasa huitwa ugonjwa wa utendaji wa mfumo wa neva: waya hazijakatika, ila mawasiliano yamevurugika. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la tano la 2013, uliondoa sharti la kwamba lazima daktari apate tukio la kuumiza moyo ndipo aupe jina. Badala yake anatafuta dalili zenyewe mwilini. Mfano mguu uliopooza ambao hausukumi ukiamriwa, lakini ukimwambia mgonjwa ainue ule mwingine, uliopooza unakandamiza kitanda kwa nguvu zake zote. Nguvu ipo. Njia ya kuiita kwa hiari ndiyo imezibwa.

Valerie Voon na wenzake, 2010, walifanya jambo la werevu. Waliwachukua watu wanane wenye mitetemo ya aina hii, wakawapiga picha za ubongo wanapotetemeka bila kutaka, halafu wakawaomba waigize mtetemo uleule kwa makusudi. Mkono ni uleule, mtu ni yuleyule. Tofauti ilionekana sehemu iliyo juu na nyuma kidogo ya sikio la kulia: wakati wa mtetemo usio wa hiari sehemu hiyo ilipoa. Kazi yake mojawapo ni kulinganisha mwendo ubongo ulioutarajia na ule uliotokea, na kutokana na ulinganisho huo mtu anajua "hiki nimekifanya mimi". Katika utafiti mwingine mwaka huohuo waliona kwa wagonjwa hawa amigdala, kituo cha ubongo kinachoshughulika na hofu, ikiwa na mawasiliano makubwa kupita kawaida na eneo linaloandaa mwendo. Hofu ina njia ya mkato kwenda kwenye misuli.

Wagonjwa wanane ni wachache, na hakuna aliyewahi kuingiza bweni zima kwenye mashine wakati limewaka. Lakini picha inayopatikana inakaa vizuri na mboni za Kashasha.

Kuna nadharia inayojaribu kufunga haya pamoja, ambayo Mark Edwards na wenzake waliiandika 2012. Ubongo hausubiri taarifa za mwili zifike ndipo uamue. Unabashiri kwanza, kisha unahakiki. Umeme ukikatika ukawa unashuka ngazi, ukadhani kimebaki kidato kimoja kumbe umeshafika chini, mguu unagonga sakafu kwa kishindo na moyo unaruka. Kile kidato kilikuwa kichwani mwako na mwili mzima ulikitii. Au simu inayotetema mfukoni, ukiitoa haina hata ujumbe. Utabiri ukiwa na nguvu kupita kiasi, na mtu akiuelekeza uangalifu wake wote mwilini, utabiri unashinda ushahidi. Msichana amelala. Kitanda cha pili mwenzake anacheka na kulia. Kila mtu anasema "inakuja". Anajisikiliza koo. Anajisikiliza kichwa. Kitu kimesogea.

Nililiona hili kwa macho yangu kidato cha pili, shule ambayo haina haja ya kutajwa. Ni wakati wa prepu ya usiku, msichana mmoja safu ya mbele akaanza kutetemeka, kiti kikigonga sakafu. Sisi tulisema amepandisha mapepo, ndivyo kila shule inavyosema. Matroni alimshika vizuri, akamtoa nje, mambo yakaanza kupoa. Kisha akaingia mwalimu wa zamu, akasimama mbele na fimbo yake, akauliza kwa sauti: "Nani mwingine anajisikia vibaya?" Nakumbuka kimya kile. Nakumbuka nilivyojitazama mikono. Dakika hazikupita nyingi, wanne wakaanguka. Kesho yake tukakusanywa wote ukumbini kuombewa kwa sauti kubwa, na siku hiyo wakaanguka wengi zaidi. Mwalimu hakuwa na nia mbaya, wala waliotuombea. Ila swali lake lilimtuma kila mmoja wetu aende kujipekua.

Kutoka bwenini hadi kwenye simu

Kashasha ilihitaji watu wakutane uso kwa uso. Ilipaswa msichana atoke, apande gari, afike kwao. Hilo nalo limebadilika. Kuanzia 2019 kliniki ya Hannover, Ujerumani, chini ya Kirsten Müller-Vahl, ilianza kupokea vijana waliodhaniwa wana ugonjwa wa Tourette, ule wa mishtuko na maneno yanayomtoka mtu bila hiari. Tourette kwa kawaida huanza utotoni, polepole, na zaidi kwa wavulana. Hawa walianza ghafla, wakubwa tayari. Tena maneno yaliyowatoka yalikuwa yaleyale, moja likiwa "papa wanaoruka". Yalitoka kwenye chaneli ya YouTube ya kijana mwenye Tourette, ambayo wagonjwa waliifahamu. Hawakuwahi kukaa bweni moja. Geti lilikuwa kioo cha simu.

Oktoba 2023 ikaja zamu ya shule ya wasichana ya Eregi, Kakamega, magharibi mwa Kenya. Zaidi ya wanafunzi 90 walipelekwa hospitali, miguu haiwashiki, wengine wakiyumba na kurusha viungo wanapotembea. Sampuli zilipimwa, kisha Wizara ya Afya ikasema ni histeria. Kabla wizara haijasema neno, video za wasichana hao zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu za nchi nzima na kuvuka mpaka, na chini yake mabishano yaleyale: majini, sumu, kujifanya, kuogopa mitihani. Ni mjadala wa Bukoba wa 1962, mabomu ya atomiki yametolewa tu.

"Kujifanya" ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu ndilo hufuatwa na fimbo. Ushahidi wa ubongo unalipinga, na ushahidi wa macho ulishalipinga zamani, kwa tochi na kinyundo, ukaachwa kwenye kurasa zile nne. Lakini hata "histeria" likitamkwa na mkubwa mbele ya kamera, mzazi hulisikia kama "hawana kitu". Kumbe walikuwa nacho.

Rankin na Philip walipomaliza kuandika, hali ilikuwa bado inaenea vijijini na watu wamejaa hofu. Baadaye shule 14 zingetajwa kuwa zilifungwa, na watu wapatao 1,000 kuwa walipatwa. Wasichana wa Kashasha walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 18, kwa hiyo aliye hai leo ni bibi wa miaka 75 na zaidi. Ripoti haiwataji majina, na ilifanya vyema. Inasema waliogopa kwamba kuna mtu anawakimbiza. Chini ya hapo imeandikwa habari za mboni.